Mfuko wa Kaki na Mshono wa Mgeni

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Sindano ameketi ukingoni mwa kitanda, mfuko wa kaki mapajani, kidole kimeganda juu ya mdomo wa mfuko. Mshono ule haukuwa wake.

Kwa waliokuwa safarini wiki iliyopita, au waliotumia ukurasa huu kufungia vitunguu, tukumbushane kidogo. Mama Sindano ni fundi cherehani mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alishona mashuka na magauni ya upasuaji katika chumba cha chini cha hospitali, mahali ambapo wakubwa hawakufika ila siku ya kupiga picha. Sasa macho yana mtoto wa jicho na maandishi yote kwake ni ukungu. Vidole bado viko kazini.

Nyaraka zake hazikai kwenye faili. Zinakaa kwenye mifuko ya kitambaa aliyoishona mwenyewe, na kila mfuko anaujua kwa kuupapasa. Kitambaa kizito cha pazia ni nyumba. Sufu ya suti ya marehemu mumewe ni mambo ya marehemu. Kaki, kitambaa cha sare yake ya zamani, ni kazi. Kila mfuko ameushona mdomo, ili mtu asiingie bila kubisha hodi.

Sasa mtu alikuwa ameingia. Mama Sindano anashona uzi ukilalia kulia. Huu ulilalia kushoto, na fundo lake lilifichwa kwa ndani, nadhifu kabisa.

Alichukua wembe, akafumua. Ndani alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, unene ule ule wa barua yake ya ajira. Akaifungua, akainusa. Ilikuwa gazeti.

Tunaharakisha kuwaarifu wasomaji kwamba halikuwa gazeti hili. Gazeti hili watu hulisoma kwanza.

Sasa sikia balaa lenyewe. Leo ni Alhamisi, na kesho saa tatu asubuhi ni uhakiki wa wastaafu. Tangazo limesema kwa upole wa kawaida wa matangazo: asiyeleta barua halisi ya ajira, jina lake litaondolewa hadi uhakiki mwingine utakapotangazwa. Uliotangulia ulitangazwa miaka sita iliyopita.

Jina likiondolewa, Mama Sindano hataweza kuiendesha nyumba yake, na atahamishiwa kwa mwanawe, kwenye chumba cha nyuma, akae pamoja na boksi la friji na baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote. Chumba kimeshapakwa rangi ya maziwa. Wamesoma mahali kwamba inatuliza wazee.

Yeye hakuwa amemwomba mtu amtulize. Alitaka kuendelea kuchemsha chai yake mwenyewe, kwa birika lake, saa anayotaka.

Nani aliingia chumbani wiki ile? Wasaidizi, nani mwingine. Mwaka mzima mzee hukosa hata wa kumsomea bili ya maji. Tangaza uhakiki, utashangaa watu walivyo na huruma. Alikuja mkwe wake, mke wa mwanawe. Alikuja Bwana Faili, yule wa kitambulisho shingoni. Alikuja Karani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kulikuwa na wa nne pia, lakini huyo Mama Sindano alimzaa mwenyewe, kwa hiyo hakumhesabu.

Hakupiga kelele. Alikata kifungo kimoja cha gauni lake la nyumbani, akachomeka sindano kwenye kitambaa cha kiti, akasubiri.

Mkwe aliingia saa nne, funguo za gari mkononi, simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nishonee kifungo hiki, macho hayanipi."

"Mama, si nikununulie tu gauni jipya?"

"Gauni ninalo. Nilichopungukiwa ni kifungo."

Mkwe alishona huku akiongea na simu kuhusu mkutano. Alishona kwa mkono wa kulia, uzi ukatambaa kama njia ya mchwa, fundo hakuweka. Alipomaliza alibusu shavu la mama mkwe akaondoka mbio. Mama Sindano akapapasa. Kifungo kilikuwa kimeshonwa juu ya tundu la kifungo. Mkwe huyo ana shahada mbili.

Si yeye, aliwaza, na alikiri moyoni kwamba alisikitika kidogo. Ingekuwa rahisi sana angekuwa yeye.

Akakikata tena.

Bwana Faili alifika saa sita kamili, kwa sababu watu wa namna yake hufika kamili. Anatoka katika shirika la kuwajali wazee ambalo mtaani hakuna aliyewahi kulisikia, na kitambulisho chake kina ukubwa wa kisahani cha kikombe. Jumanne aliahidi kumpangia nyaraka zake zote kwenye mifuko ya plastiki kwa rangi za upinde wa mvua. Kwa mama mwenye mtoto wa jicho, hayo yalikuwa mawazo mazuri sana.

"Mama yangu kipenzi, leo tunaendelea na hatua ya pili ya huduma."

"Hatua ya pili ni kifungo, baba. Unajua kushona?"

"Kushona? Ni katika mambo niliyobobea."

Dakika kumi alitafuta tundu la sindano. Alilamba uzi, akaukata, akaulamba tena. Mwisho sindano ilimpata yeye kabla hajaipata, akaomba bandeji, kisha maji, kisha kiti. Alipopata nguvu aliacha fomu mezani, Mama Sindano aeleze ameridhika kwa kiasi gani na huduma.

Mtu huyu hakufumua mfuko akaushona tena kwa fundo la kuficha. Hata kuiba kunataka ufundi.

Akabaki Karani.

Hapa inabidi twende taratibu, maana Karani na Mama Sindano hawajaongea vizuri kwa miaka tisa. Sababu ni mfereji wa paa. Mfereji uko upande wa Mama Sindano, maji yanamwagika upande wa Karani. Karani, aliyestaafu ukarani wa mahakama, hakuja kugombana kama watu. Aliandika barua, akaipitisha chini ya mlango: "Jirani, rejea mazungumzo yetu ya tarehe tatu." Mama Sindano akajibu kwa kurudisha barua ile ile imeshonwa pembe zote nne. Wakaendelea hivyo.

Lakini Jumapili, tangazo la uhakiki lilipobandikwa kwenye mlango wa duka, Mama Sindano alimeza fahari yake akamwita alisome. Karani alisimama mikono mgongoni, akasoma lote, pamoja na jina la kiwanda kilicholichapa. Walipoingia ndani, alimsomea barua nyingine tatu vivyo hivyo, bila kugusa hata moja. Mama Sindano ndiye aliyezishika, yeye akainama kama mtu anayechungulia kisima.

"Kwa nini hushiki?" alimuuliza siku hiyo.

"Karatasi ya mtu ni ya mtu. Mimi nasoma kwa macho. Mikono inakaa nyuma, ili baadaye usiwe na la kuniuliza."

Leo alikuja saa saba baada ya kuitwa mara mbili.

"Nishonee kifungo, jirani."

"Sijui kushona."

"Jaribu tu."

"Nimesema sijui, Mama. Nikijaribu nitaharibu gauni, halafu utaniandikia barua."

Mama Sindano alicheka, jambo ambalo hakulitarajia. Wiki nzima nyumba yake ilikuwa imejaa watu wanaojua. Wanajua sheria, wanajua mitandao, wanajua kinachomfaa. Huyu mwenye maji ukutani ndiye wa kwanza kusema hajui.

Akamweleza kila kitu, akamnyooshea mfuko wa kaki na vipande vya uzi alivyofumua. Karani aliinama, mikono nyuma, akaangalia kwa muda mrefu matundu yaliyoachwa na sindano.

"Aliyeshona hapa anatumia mkono wa kushoto."

"Hilo nimelijua."

"Unamfahamu mtu wa mkono wa kushoto?"

"Hapana," alisema Mama Sindano, upesi mno.

Karani alikuwa amewasikia mashahidi wengi maishani mwake wakijibu upesi namna hiyo. Akaomba maji ya kunywa, akaketi pembeni.

Saa nane mlango ulifunguliwa bila hodi, na Meneja akaingia.

Huyu ndiye mwana pekee wa Mama Sindano, meneja wa ghala la matairi, na tangu apandishwe cheo haongei na watu, anawasilisha. Alikuwa amevaa koti lake la kazini katika joto la kukaushia matofali.

"Shikamoo, mama. Oh, na mzee wa jirani yuko. Sawa. Nina mambo matatu."

"Marahaba. Vua koti kwanza, mwanangu, utaungua."

Alisita. Lakini ukimkatalia mama yako kukupokea koti, itabidi utoe maelezo, na maelezo hayo hakuwa ameyaandaa. Akalivua.

Fundi hawezi kushika koti bila kulipapasa. Vidole vya Mama Sindano vilipita mabegani, vikashuka kwenye bitana, vikafika chini ya mfuko wa ndani. Hapo vikasimama. Bitana ilikuwa imefumuliwa kiasi cha kiganja na kushonwa upya. Uzi ulilalia kushoto. Fundo lilikuwa limefichwa kwa ndani. Na nyuma ya kitambaa palikuwa na karatasi ya zamani, iliyolainika kwa umri hata ikawa kama kitambaa yenyewe.

Iliuma. Iliuma vibaya, wala hatutazunguka.

Fundo lile alimfundisha mtu mmoja tu. Alikuwa na miaka saba, na mwalimu wake shuleni alikuwa akimchapa mkono wa kushoto ili atumie wa kulia. Mama Sindano alikwenda shuleni akamwambia mwalimu maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Jioni zote za muhula ule alimkalisha mtoto kwenye marundo ya mashuka kule chini hospitalini, akamfundisha kushona kwa mkono ule ule uliochapwa, mpaka mkono ukaacha kuogopa.

Sasa mtu huyo ana kabati la chuma ofisini, funguo mbili na mlinzi getini. Alipotaka kuficha kitu kweli kweli, alishona. Mama Sindano aliona aibu kugundua kwamba, katikati ya maumivu yote yale, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inaukagua mshono na kuupa alama nzuri.

Hakulitundika koti. Aliketi nalo mapajani, wembe ukiwa bado kiganjani.

"Enhe. Mambo matatu."

"La kwanza, barua ya kesho umeipata?"

"Naitafuta."

"Usihangaike, mama. Ndiyo la pili. Nimeleta suluhisho." Akalaza karatasi mezani na kuipiga pasi kwa kiganja. "Unasaini hapa chini tu. Kuanzia hapo mambo yako yote nayabeba mimi. Kaunta, foleni, nyumba, kila kitu. Wewe unapumzika."

"Nyumba pia?"

"Kila kitu ni pamoja na nyumba, mama."

"Na la tatu?"

"La tatu ni kwamba nina kikao saa tisa."

"Basi tusikucheleweshe. Karani, nisomee."

"Mama, huyu si mtu wa familia."

"Ndiyo maana nimemwita."

Karani alisogea, mikono nyuma. Mama Sindano aliinua karatasi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibaki chini ya koti.

"Mimi niliyetajwa hapa chini," Karani alianza, "nikiwa na akili timamu. Hapo wamekusifu."

"Nashukuru. Endelea."

"Ninampa mwanangu mamlaka ya kudumu ya kupokea, kupangisha, kuuza, na kuamua kwa niaba yangu mahali nitakapoishi."

"Rudia hapo mwisho."

"Mahali nitakapoishi."

Chini ya koti wembe ulikata uzi wa kwanza. Ulitoa sauti ndogo ambayo wanaume wawili hawakuisikia, maana hakuna kati yao aliyefanya kazi miaka thelathini chumba cha chini.

"Hiyo ni lugha ya kawaida ya kisheria," alisema Meneja.

"Kweli," alisema Karani. "Nimeisoma mara nyingi. Kwa kawaida mwenye nyumba alikuwa analia."

Uzi wa pili. Wa tatu. Karani aliendelea, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta. Alisoma namba za vifungu. Alisoma hata sehemu iliyoachwa wazi, akasema imeachwa wazi. Mara akanyamaza.

"Endelea," alisema Mama Sindano.

"Hapa pana sahihi ya shahidi."

"Shahidi wa nini? Mimi sijasaini."

"Swali zuri."

Meneja alikohoa. "Hapo si lazima pasomwe. Sehemu ya shahidi ni utaratibu tu."

"Ni sahihi ya nani, Karani?"

Msomaji, ingia kidogo kwenye viatu vya mzee huyu. Anayemuuliza haoni. Anachoona ni karatasi nyeupe na ukungu. Angeweza kutaja jina lolote, au kusema halisomeki, au kuuruka mstari kama wanavyouruka watu wengi wenye macho mazima. Meneja mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea.

"Ni yangu," alisema Karani.

Chini ya koti wembe ulikata uzi mwingine.

"Jumatatu alikuja mlangoni kwangu," Karani aliendelea. "Alisema familia imekubali kutengeneza mfereji, anataka ridhaa yangu kama jirani. Miaka tisa, Mama. Nilifurahi. Nikatia sahihi bila kusoma."

Huyo ndiye mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya kiberiti kabla ya kuwasha. Aliyehukumu nusu ya mtaa kwa kusaini ovyo. Mfereji ulimshinda.

Uzi wa mwisho ukakatika. Mama Sindano alitumbukiza vidole kwenye bitana, akaichomoa barua yake ya ajira. Hakuhitaji kusomewa. Aliijua kwa tundu la pini kwenye pembe.

"Umeshona vizuri, mwanangu," alisema. "Ungeficha kwenye lile kabati lako nisingeipata."

Meneja aliangalia koti, akaangalia barua, na kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo hakuwa na mambo matatu.

"Mama, nilitaka uwe salama."

"Ulitaka nikose kesho."

"Ulianguka mwezi wa pili. Ulilala sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana, na aliyenipigia simu ni muuza maziwa. Muuza maziwa, mama. Nikakwambia uje kwangu. Mara ngapi nimekwambia?"

Hilo lilikuwa kweli, na halikumpendeza kulisikia mbele ya jirani. Alikunja barua polepole.

"Mara nyingi. Na mara zote nilikataa. Nilidhani unanisikia."

Meneja alifuta jasho. Kikao cha saa tisa kilikuwa kinamsubiri, na safari hii hakukitaja.

Mama Sindano akageuka upande wa Karani na kunyoosha mkono wenye barua.

"Kesho saa mbili unipitie. Tutapanga foleni pamoja, utanisomea watakachoniandikia. Toa mikono mgongoni, jirani. Ishike wewe."

Karani hakusogea. Alisikika akivuta pumzi.

"Usinipe bado. Kuna jambo sijamaliza."

"Malizia."

"Ile Jumatatu nilitia sahihi mara mbili. Karatasi alizoleta zilikuwa mbili."

Mama Sindano aliiweka barua mapajani. Akapapasa meza kutoka pembe hadi pembe, kisha akapapasa tena bitana ya koti mpaka mwisho wake. Karatasi ya mwanawe ilikuwa moja.